Afande Mikidadi na Shati Lililobaki Mferejini

Jumatatu ijayo, tarehe 30 Juni 2003, Stafu Sajenti Mikidadi Nasri atakabidhi mkanda, kofia na filimbi yake pale stoo ya Gereza la Nkoamoro, baada ya kulitumikia Jeshi la Magereza kwa miaka thelathini na miwili. Tumemwambia kwamba kazi yake siku hiyo ni kusaini tu na kwenda kula pilau. Tayari ameshauliza kwa nini mkanda unarudishwa lakini viatu havirudishwi. Mtunza stoo amekuja kwangu kulalamika, eti nimtulize mzee wangu.

Kwa wageni waalikwa ambao hawamfahamu, nianze na jina. Hapa kwetu hakuna anayemwita Mikidadi. Askari, wafungwa, watoto wa kambini, hata kina mama wanaouza ndizi pale getini, wote wanamwita Afande Kwa Nini. Si jina la kumdhihaki. Ukifanya naye kazi wiki moja utaona kwamba hakuna jina lingine linalomfaa, na ukifanya naye kazi mwaka mmoja utajikuta na wewe unauliza uliza mambo ambayo zamani uliyapita tu.

Alizaliwa Kaloleni, Arusha mjini, katika familia ya Kiislamu iliyopanda huku kutoka Tanga enzi za reli. Baba yake alikuwa fundi cherehani, mama yake akipika vitumbua vya asubuhi, na yeye mwenyewe, kwa maelezo ya dada zake, alikuwa mtoto anayefungua kila kilichofungwa. Alijiunga na Magereza mwaka 1971, akafanya kazi Dodoma, Singida na Mbulu, kisha mwaka 1985 akaletwa kwetu, kwenye gereza la shamba lililo juu kidogo ya Makumira. Alikuja na mkewe, Bi Mwamvua, na makochi mawili.

Jamani, alikuja mbichi! Pamoja na kuzaliwa chini ya mlima huu, mambo ya Wameru alikuwa hayajui. Mfereji alikuwa hajui ni kitu gani. Maji kwake yalitoka bombani, na yasipotoka unamlaumu mtu wa idara ya maji. Alipopewa loshoro, yale mahindi yetu ya maziwa mgando, mara ya kwanza alinong'ona kuuliza ni nani ameharibu maziwa ya watu. Leo ukimwalika kwenye shughuli uweke mlinzi karibu na sufuria.

Kuna kisa chake cha shikamoo ambacho vijana wanaoajiriwa siku hizi wanadhani tumekitunga. Gerezani kila mfungwa humwamkia askari shikamoo, hata kama askari mwenyewe ni wa umri wa mjukuu wake. Afande Mikidadi hakuweza kabisa kulizoea hilo. Akimwona mfungwa mzee anakuja na ndoo, alimuwahi yeye kwanza, shikamoo mzee, na mzee wa watu akabaki amesimama hajui aitikie au apige saluti. Aliitwa kujieleza ofisini. Alijibu kwamba kwa uelewa wake mahakama ilimpa yule mzee kifungo, haikumpunguzia umri. Mkuu wa gereza wa wakati huo alitafuta kanuni inayokataza askari kumwamkia mfungwa, hakuipata, na suala likaishia hapo.

Kazi yake kubwa kwetu ilikuwa mapokezi na kumbukumbu za wafungwa, na hapo ndipo alipokutana na theluthi. Kwa wasioijua, mfungwa wa kifungo cha kawaida anapoingia gerezani anahesabiwa kabisa msamaha wa theluthi moja ya kifungo chake. Akikaa kwa tabia njema, theluthi hiyo ni yake na atatoka mapema. Akifanya makosa ya kinidhamu inamegwa kidogo kidogo, na kosa kubwa linaweza kuila yote. Afande Mikidadi alikuwa na namna yake ya kuwaeleza wafungwa wapya. Aliwaambia theluthi hiyo yeye hana uwezo wa kuwapa, maana wamekwisha kupewa. Kilichobaki ni wao wenyewe kuangalia wasiidondoshe.

Lakini mwenyewe hakuridhika. Swali lililomsumbua miaka yote ni hili: tabia njema ni kitu gani hasa? Alimuuliza sheikh aliyekuja Ijumaa na mchungaji aliyekuja Jumapili. Walimjibu vizuri sana, naye akarudi kwao na swali jingine, hadi mchungaji mmoja akaanza kupitia geti la nyuma. Hoja yake ilikuwa kwamba kuna mfungwa anayetulia kwa sababu amebadilika, mwingine anatulia kwa sababu anaogopa, na mwingine ni mvivu tu, hata kuvunja kanuni anaona kazi. Wote hao watatu sisi tunawaandikia tabia nzuri, tunagonga muhuri. Yeye alitaka kujua kila mmoja wao atafanya nini siku ambayo hakuna wa kumwandika.

Tulimwona anajisumbua bure. Mimi nilimwambia hivyo mara nyingi, tena kwa sauti. Alicheka tu akasema, Magdalena binti yangu, wewe hutaki kujua?

Mwishoni mwa miaka ya tisini ukaja mpango wa Parole. Wafungwa walidhani ni bahati nasibu na baadhi yetu askari tulidhani ni mzaha. Afande Mikidadi aliisoma sheria yake hadi jalada likaachana na kurasa. Akatueleza kwamba mfungwa wa kifungo kirefu, akishatumikia sehemu yake na kuonyesha tabia njema, anaweza kupendekezwa atumikie muda uliobaki akiwa nyumbani, kwa masharti na chini ya uangalizi. Kijiji chake kinaulizwa kama kinamtaka. Hata familia ya aliyekosewa inaulizwa. Gereza letu lilikuwa halijatoa mtu hata mmoja kwa njia hiyo, na jina la kwanza tulilokubaliana kulipeleka kwenye Bodi ya Mkoa lilikuwa la Yona Akyoo wa Kikwe.

Habari ya Yona inabidi niieleze, maana bila hiyo huwezi kumwelewa mstaafu wetu.

Mnakumbuka miaka ya ruksa ilivyokuwa. Maduka yalijaa sabuni na mitumba, wanunuzi wakaja kutoka kila upande, lakini bei ya kahawa ilikuwa imeanguka vibaya. Watu wa Meru wakaanza kung'oa mibuni, mwanzo kwa kujificha, baadaye mchana kweupe, wakapanda nyanya, maharage na kabichi za kuwauzia wafanyabiashara wa mjini na wa Nairobi. Sasa mbuni huvumilia kiangazi, nyanya haivumilii. Mfereji uleule uliowatosha baba zetu ukawa hautoshi mtu na jirani yake. Yona na jirani yake Lemburis, waliopata kipaimara siku moja, waligombania zamu ya maji shambani, na Yona akampiga mwenzake kichwani kwa mpini wa jembe. Lemburis alifariki kabla hajafikishwa hospitali, akamwacha mkewe Prisca na watoto wadogo. Yona alihukumiwa kifungo cha miaka kumi na mitano kwa kuua bila kukusudia. Hiyo ilikuwa mwaka 1992.

Kwetu alikuwa mfungwa ambaye ukiulizwa habari zake unafikiri kwanza, maana hukumbuki lolote. Hagombani, haombi, hachelewi. Alifanya kazi kwenye bustani ya gereza, na bustani ile, kama mnavyojua, inanyweshwa na mfereji unaotoka msitu wa juu, unapita kwetu, kisha unateremka mpaka Kikwe.

Ilikuwa kiangazi cha mwaka 1999, wiki chache kabla ya jina lake kupelekwa. Asubuhi moja kikosi cha kazi za nje kilikuwa kinapalilia kabichi. Askari aligeuka kumkemea mtu, alipogeuka tena Yona hayupo. Filimbi zikalia, hesabu ikarudiwa, kweli mmoja hayupo. Kabla ya saa sita alionekana anateremka kutoka msituni kwa miguu yake mwenyewe, tope hadi kifuani, bila shati.

Alifunguliwa shtaka la kujaribu kutoroka. Kushuka mwenyewe hakukumsaidia, maana watu walisema ameona njia imefungwa akarudi kujifanya mwema. Na shati? Mtu anayevua nguo za jela, kambi nzima ilisema, ana nia gani nyingine? Yona alipoulizwa alisimama mkakamavu akajibu kwamba amekosa, anaomba msamaha, basi. Hakuongeza hata neno. Mfungwa anayeanza kujieleza huambiwa anabishana na afande, na Yona alikuwa ameishi miaka saba bila kubishana na mtu. Ile tabia njema yake yenyewe ndiyo ilikuwa inammaliza.

Maana angetiwa hatiani kwa kutoroka, theluthi yake yote ingekwenda, na jina lake lingefutwa Parole. Angekaa ndani mpaka mwaka 2007.

Afande Kwa Nini hakulala na jambo hili moyoni. Alikwenda kwa askari wa kikosi kile akawauliza Yona alielekea wapi. Juu, wakasema. Akauliza kwa nini juu. Nyumbani kwake ni chini. Barabara ya Moshi iko chini, mabasi yako chini, mtu ukitaka kupotea unapotelea Usa River kwenye soko. Huko juu kuna nyati na baridi. Wakamwambia mhalifu hana akili. Akauliza, na shati liko wapi? Amelificha. Sawa, amelificha ili avae nini, mbona amerudi kifua wazi? Hapo wakamwomba aende akapumzike.

Badala ya kupumzika alikwenda kwa mkuu wa gereza kuomba shauri lisogezwe hadi kesho yake, ili akatafute shati. Mkuu alikuwa mtu wa haki ila mwenye haraka. Alicheka sana, halafu akakubali. Ndipo mzee akaja mlangoni kwangu na kuniambia kwamba, kwa kuwa mimi ni Mmeru wa Nkoaranga, nimpandishe kwa kuufuata ule mfereji.

Wallahi sijawahi kuulizwa maswali namna ile. Kwa nini mfereji haunyooki? Nani aliuchimba? Kwa nini hapa hawafui nguo na pale wanafua? Maji yanajuaje kwamba leo ni zamu ya fulani? Nilijibu hadi pumzi ikaniishia, na yeye ndiye mwenye kitambi. Tulifika kwenye banio, pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni kuingia mferejini, nikasimama.

Ukingo ulikuwa umebomoka upana wa mlango, na ulikuwa umezibwa upya. Kulikuwa na mawe chini, mabonge ya majani na udongo wake juu, na shina la mgomba lililopasuliwa limelazwa kwa kukingama. Katikati ya hayo yote, mahali pa tundu lenyewe, ulichomoza mkono wa shati la jela. Maji yalikuwa yanapita pembeni, meupe, yanaelekea chini kwa watu.

Mimi nilielewa palepale, nikajikuta machozi yananitoka. Kwetu mtoto hufundishwa hili kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Kiangazi, mvua hakuna, ukiona maji ya mfereji yamegeuka rangi ya udongo, ujue huko juu fuko amechimba na ukingo unamegeka. Ukichelewa, banio lote linakwenda na kijiji kizima kinakauka. Hivyo huombi ruhusa kwa baba, humalizi uji wako, humwiti mwenzako. Unakimbia juu. Ukikosa cha kuzibia unavua nguo. Yona alikuwa ameinama kwenye kabichi, akaona maji yamebadilika, akakimbia. Kwa muda ule alisahau kwamba yeye ni mfungwa.

Nilipomaliza kumweleza, Afande Mikidadi alikaa kwenye jiwe. Halafu likaja swali. Alisema, sawa, kwenda nimeelewa. Lakini alipomaliza kuziba alikuwa peke yake, msitu uko mbele yake, hakuna anayemwona. Kwa nini alirudi?

Nilinyoosha mkono kulichomoa lile shati tulipeleke kama ushahidi. Aliniwahi kunishika. Tukilitoa, alisema, tutabomoa banio. Kwa hiyo tuliteremka mikono mitupu, na kesho yake, badala ya ushahidi kuletwa mbele ya mkuu wa gereza, mkuu wa gereza alipandishwa mbele ya ushahidi. Alipanda na viatu vyake vya gwaride, anateleza, analaani, na mzee yuko nyuma yake anamweleza kwa nini mfereji haunyooki.

Shtaka la kutoroka lilifutwa. Kwa kuwa ni kweli aliondoka kazini bila ruhusa, Yona alimegwa kipande kidogo cha theluthi, akapewa shati jingine, akaambiwa siku nyingine aseme kwanza. Afande Mikidadi hakumwacha aende. Alimuuliza lile swali la kwenye banio. Yona alimtazama kama mtu aliyeulizwa jambo la wazi mno, akajibu kwamba alirudi kwa sababu kazi ilikuwa imekwisha.

Mzee alilirudia jibu hilo kwa kila mtu, mpaka Bi Mwamvua akampiga marufuku kulitaja mezani.

Ila Parole ilikuwa bado. Kijiji kilisema hakina neno kama mjane hana neno, na mjane alikuwa Prisca. Tulikwenda Kikwe, mimi na mzee, tukamkuta anapukuchua maharage uani. Aliposikia tumefuata nini alitujibu bila kuinua macho kwamba huyo mtu abaki hukohuko, na kwamba chai hana. Afande Mikidadi hakumbembeleza. Alijitafutia kigoda, akachukua maganda ya maharage akaanza kupukuchua vibaya vibaya, kisha akamuuliza jambo ambalo mimi nisingethubutu kumuuliza mjane. Alimuuliza, tangu Lemburis aondoke, ni kitu gani kinachokosekana hapa ambacho watu hawakioni?

Prisca alisema ni sehemu ya mfereji. Kila nyumba ina kipande chake cha kuzibua na kuchimba siku ya msaragambo, yaani kazi ya pamoja, ndiyo ada ya kupata maji. Kipande cha Lemburis kilikuwa kimeota magugu tangu afe. Watoto walikuwa wadogo, yeye alikuwa na mgongo mbovu, na ndugu wa marehemu walikuja mwaka wa kwanza tu. Kamati ilimwonea huruma ikampa zamu ya mwisho, maji yakifika yamebaki machozi. Kisha yeye naye akauliza. Alitaka kujua mtu huyo huko ndani anafanya nini siku nzima.

Mzee akamweleza habari ya shati. Prisca aliacha kupukuchua. Alikumbuka siku ile. Maji yalikuja ya udongo, yakaanza kukatika, naye akajua maharage yake ndiyo basi, maana wanaume wote walikuwa wamekwenda mnada wa Tengeru. Halafu maji yakarudi. Alikuwa amejiuliza siku zote ni nani alipanda kuziba.

Jibu lake nililiandika kama alivyolisema, na Bodi ililisoma hivyo hivyo. Alisema hajamsamehe, na wanaotaka asamehe wangoje, yeye hana haraka. Lakini Yona akitoka, achimbe kipande chake na kipande cha Lemburis. Akikosa msaragambo mmoja tu, yeye Prisca atakwenda kituoni kwa miguu yake kumrudisha. Kisha akaenda ndani, akatoka na chai ambayo alikuwa amesema hana.

Yona alitoka kwa Parole mwishoni mwa mwaka ule, wa kwanza kutoka gereza letu. Afande Mikidadi ndiye aliyekuwa akimfuatilia. Alirudi kila mara ameridhika na ana matope, na taarifa zake zilikuwa zilezile: mtu yuko nyumbani, anatii masharti, vipande viwili vimechimbwa. Baada yake tumetoa wengine, na kwa kazi hiyo mstaafu wetu alipewa cheti cha mfanyakazi bora wa mkoa. Amekitundika sebuleni nyumbani kwake Kimandolu, na anauliza kwa nini wameandika jina lake kwa wino mwekundu.

Katikati ya mwaka jana kifungo cha Yona kilikwisha. Masharti yakakoma. Hakuna tena wa kumfuatilia, hakuna theluthi ya kupoteza, hakuna wa kumwandika. Na mimi nilimwona mzee wangu amekosa raha. Hakuogopa kwamba Yona ataiba au atapigana. Alikuwa amefikia swali lake la miaka yote na hakujua kama anataka kweli kuona jibu. Nilimwambia asiende. Msaragambo wa kwanza baada ya hapo ulikuwa Jumamosi, siku yake ya mapumziko, naye alivaa kanzu kama anayekwenda harusini akaenda.

Alinisimulia Jumatatu yake, na alikuwa anasimulia polepole, jambo ambalo si kawaida yake. Alisimama ng'ambo, kwenye migomba, wasimwone. Nyumba baada ya nyumba zilifika, kila mtu kwenye kipande chake. Yona alikuja, akachimba kipande chake, akamaliza, akanyanyua jembe begani. Yona akapiga hatua, akashuka kwenye kipande cha Lemburis, akaanza kuchimba. Baadaye Prisca akaja na kibuyu cha uji akiwagawia watu wa msaragambo. Miaka yote akifika kwa Yona alikuwa anampita. Siku hiyo alisimama, akamimina, akampa. Yona alikunywa, akarudisha kikombe, akaendelea na kazi.

Nilimuuliza, sasa umejua tabia njema ni nini? Akasema hajui, lakini ameiona.

Afande, hapa pa mwisho ninakuandikia wewe. Tutakukosa, na tutakukosa vibaya. Geti litakuwa kimya mno. Wafungwa wazee watatuamkia sisi na hakuna atakayewawahi. Tunakushukuru kwa kila swali, pamoja na yale yaliyotukera, na tunamshukuru Bi Mwamvua kwa kutuazima mume wake muda wote huu. Tunamwomba radhi pia, maana kuanzia Jumanne maswali yote ni yake.

Tunajua ulipata kishamba kule Kikwe mwaka juzi, mwisho kabisa wa mfereji, na kwamba mchicha wa Bi Mwamvua umekuwa ukinyauka kwa kuwa wewe si mwanachama na huna zamu. Nimetumwa na kamati ya mfereji nikupe habari katika karatasi hii. Wamekuandikisha. Kwa wiki zako za kwanza, hadi upangiwe siku, Prisca anakupa zamu yake ya Jumamosi. Hakutaka nieleze sababu, amesema wewe ndiye bingwa wa kuuliza.

Na kipande chako cha kuchimba kiko jirani na cha Lemburis. Nilidhani Yona atajitolea akuchimbie. Amekataa kabisa. Amesema viwili vinamtosha, na kwamba mtu aliyeuliza maswali mengi kiasi kile kuhusu mfereji sasa ashuke ndani yake aujue mwenyewe. Atakungoja Jumamosi hapo kwenye migomba, mahali pale pale ulipokuwa unadhani hakukuona.

Uishi vizuri, uishi sana, Afande wetu. Usisahau jembe.

Koplo Magdalena Sakaya,
kwa niaba ya askari na wafanyakazi wote,
Gereza la Nkoamoro